Usalama wa Msalato unaamuliwa kwenye ofisi za ardhi

Watu wa Dodoma wakizungumzia uwanja wa ndege wa Msalato, maswali huwa mawili: utaanza kutumika lini, na ndege kubwa kiasi gani zitatua. Ni maswali ya haki. Mji ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukasubiri hadi 2016 ndipo Serikali ianze kuhamia kweli, una kila sababu ya kuutamani uwanja wa hadhi yake. Swali langu mimi liko nje ya uzio. Liko kwenye mashamba ya mtama na uwele yanayokatwa viwanja upande wa Msalato, Veyula na Makutupora, na liko kwenye meza za ofisi zinazopitisha michoro ya viwanja hivyo. Usalama wa ndege zitakazotua Msalato miaka ishirini ijayo unaamuliwa sasa hivi, na wengi wanaouamua hawajui kwamba wanauamua.

Mfano hauko mbali. Uwanja wa sasa uko katikati ya mji, umezungukwa na Area C, Area D, Makole na barabara zenye shughuli nyingi, na Bunge liko jirani. Ulipowekwa pale mji ulikuwa mdogo na nafasi ilikuwa tele. Mwaka 2016 njia ya kurukia ilirefushwa ikafika kilomita 2.5, na kuirefusha sana zaidi ya hapo ni vigumu, kwa sababu mbele kuna mji na nyuma kuna mji. Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa kwa hilo. Kila nyumba ilijengwa na mtu aliyekuwa na sababu zake, na nyingi zilijengwa kwa karatasi halali. Zikijumlishwa zote, makao makuu ya nchi yanajikuta na uwanja usioweza kukua, na sasa tunajenga mwingine.

Urefu wa njia ni suala zito kwa Dodoma kuliko kwa Dar es Salaam, na sababu yake inastahili kuelezwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kisha kuna jua. Mchana wa Oktoba au Novemba joto linapofika nyuzi 30, hewa inazidi kuwa nyepesi, na ndege inajiona kama iko kwenye kimo cha karibu mita 1,900. Bawa linapata nguvu kidogo ya kuinua, injini inavuta hewa kidogo, na ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka. Wapangaji wa viwanja wana kanuni ya hesabu ya kuanzia: ongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za kimo, kisha ongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto linalozidi kiwango cha kawaida cha kimo hicho. Ndege ambayo pwani ingetosheka na mita 1,700, ukiipigia hesabu hiyo kwa Dodoma yenye nyuzi 30, inataka karibu mita 2,600, yaani zaidi ya zile kilomita 2.5 za mwaka 2016. Ndiyo maana njia ya Msalato imepangiwa kilomita 3.6.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Ndege inayokimbia sana kabla ya kunyanyuka hupanda polepole pia. Ikishaacha lami inahitaji anga tupu mbele yake, na anga tupu haijengwi na mkandarasi. Inalindwa na sheria, na sheria hiyo hutekelezwa na watu wa mipango miji.

Chukua ilivyo kwenye viwango vya kimataifa vya viwanja, vilivyomo katika Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga. Pale njia inapoishia, fikiria paa lisiloonekana linaloanza mita 60 mbele na kupanda taratibu kuelekea nje. Kwa viwanja vikubwa mwinuko wake ni asilimia 2, kwa hiyo kila unapotembea mita 100 paa linapanda mita 2 tu. Hakuna kitu kinachotakiwa kulitoboa. Ukisimama mita 500 kutoka mwisho wa njia, paa hilo halijafika mita 9 juu ya kimo cha mwisho wa njia. Nyumba ya ghorofa moja yenye tangi la maji juu ya mnara wa zege inalitoboa. Na Dodoma, mji wa mgao wa maji, nani asiyejua jinsi kila mwenye uwezo anavyopandisha tangi lake juu kadiri anavyoweza ili maji yateremke kwa nguvu? Kilomita moja kutoka mwisho wa njia, paa halijafika mita 19. Mbuyu uliokomaa, wa aina tunayoiona kila siku huku kwetu, unaweza kulipita. Tena vipimo hivyo vinachukulia ardhi ni tambarare. Ardhi ikipanda, kama inavyopenda kufanya huku kwenye vilima vyetu, nafasi inazidi kupungua.

Pembeni nako kuna mipaka yake. Kuzunguka uwanja mkubwa, hadi kilomita 4, kimo cha juu ni mita 45 kutoka usawa wa uwanja. Baada ya hapo kinaruhusiwa kupanda polepole kwa kilomita 2 nyingine. Kwenye mstari wa kutua, ulinzi wa anga unaweza kwenda hadi kilomita 15 kutoka njia. Hapo ndipo hoja ya "Serikali imechukua eneo kubwa, uzio uko mbali" inapoishiwa nguvu. Uzio unazuia mbuzi na watoto wasiingie kwenye lami. Haumzuii mtu mwenye kiwanja kilomita tatu nje kusimamisha mnara wa simu.

Kisheria, hatuko watupu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina kazi ya kusimamia usalama wa anga chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, na anayetaka kusimamisha jengo refu au mnara anapaswa kupata kibali cha urefu kutoka kwao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa halmashauri nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi na kutoa vibali vya ujenzi. Karatasi zipo, na mapengo yako kati ya karatasi moja na nyingine. Mwekezaji wa ghorofa kumi ana msanifu, ana mhandisi, na mmoja wao atamkumbusha kibali cha urefu. Mwalimu aliyekopa ajenge vyumba vitatu Veyula hana wa kumkumbusha, na mara nyingi hata kibali cha ujenzi hakuchukua.

Tazama jinsi kiwanja kinavyouzwa huko. Mzee mwenye shamba anauza ekari mbili kwa mtu kutoka mjini. Mtu wa mjini analeta vijana wawili, kamba na vigingi, na kabla ya jua kuzama shamba limekuwa viwanja vya mita 20 kwa 20 vyenye kijia cha kupitisha bodaboda. Dalali anapachika kibao chenye namba ya simu na maneno "karibu na uwanja wa ndege", na bei inapanda kwa maneno hayo. Mnunuzi anakuja Jumamosi, anaoneshwa, wanaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, kila mtu anaweka sahihi. Katika mlolongo huo wote hakuna hata mmoja aliyeuliza ndege zitapita juu ya kichwa gani. Miaka mitano baadaye nyumba ni mia mbili, kuna msikiti, kuna kanisa, kuna shule ya msingi, na Serikali inakuja na urasimishaji: wapimaji wanapita, wanaweka bikoni, wanachora ramani kwa jinsi nyumba zilivyo. Urasimishaji ni jambo jema na umewapa watu wengi amani. Lakini unapofanyika chini ya mstari wa kutua bila kumwita mtu wa anga mezani, unakuwa umehalalisha kosa ambalo kulibomoa baadaye kutakuwa ukatili, na kuliacha kutakuwa hatari.

Wapo watakaosema Dodoma ni mji uliopangwa, hayo ni mambo ya miji mingine. Dodoma imekuwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kuanzia 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, chombo chenye mamlaka juu ya ardhi kuliko halmashauri nyingi nchini. Mtaa wetu wa Chang'ombe, uliojijenga bila mpango, ulikua mbele ya macho ya chombo hicho hicho. Siandiki hili kuibeza CDA. Nataka tukubali kwamba mpango mkuu pekee haujawahi kumzuia mtu anayehitaji pa kulala. Na sasa tumeongeza vuta nikuvute nyingine: barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula na Mtumba. Kila tulipopitisha lami nchi hii, nyumba zimeifuata. Uwanja na barabara vinakutana upande mmoja wa mji, vyote viwili vikisukumwa na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sijasikia sauti ya kutosha ikiuliza kitakachoota kati yao.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii atazame Goma, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Mji ule umeukumbatia uwanja wake hadi ukuta. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, ikabaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza na kuingia Birere, mtaa wa soko. Wengi wa waliokufa hawakuwa na tiketi. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapita. Novemba 2019 ndege ndogo ikaangukia nyumba za watu Goma kwa mara nyingine. Ajali zile zilikuwa na sababu zake za kiufundi, lakini idadi ya waliokufa ardhini iliamuliwa na umbali kati ya lami na soko.

Mimi naishi katika mkoa ambao unapenda soko. Na hapa lazima nizungumzie mnada.

Mnada wa Msalato ni moyo wa Jumamosi ya Dodoma. Ng'ombe na mbuzi wanashuka kwenye malori, wafugaji na wachuuzi wanapatana, na pembeni moshi wa nyama choma unapanda tangu asubuhi. Watumishi wa Serikali wanakuja na familia zao, wabunge wakati wa vikao wanaonekana pale, na kuna vijana wanaosomeshwa na mbuzi wa kuchoma. Kila mwenye kwenda mnadani ameona pia kinachokuwa juu: mwewe wanaozunguka, kunguru kwenye miti, na siku nyingine korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wamesimama jirani na wachinjaji wakisubiri utumbo. Ndege hao wanafanya kazi yao ya usafi. Kwa rubani, kila mmoja ni kilo kadhaa zinazoweza kuingia ndani ya injini.

Nguvu ya kugongwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana ndege hai mwenye uzito wa kuku anaweza kuvunja mapanga ya injini ya tani kadhaa. Tarehe 15 Septemba 1988, Bahir Dar huko Ethiopia, Boeing 737 ya Ethiopian Airlines iliruka kupitia kundi la njiwa. Injini zote mbili zikala ndege, marubani wakageuka kutafuta njia, nguvu ikaisha, wakatua kwa tumbo na moto ukawaka. Kati ya watu 104, walikufa 35. Njiwa, ndugu wa wale tunaowafuga nyuma ya nyumba. Na Bahir Dar, kama Dodoma, ni uwanja wa nyanda za juu, ambako ndege tayari inahangaika na hewa nyepesi kabla ya kuongezewa taabu nyingine. Desemba 29, 2024, huko Muan, Korea Kusini, ndege ya Jeju Air ilikutana na ndege hai ikijiandaa kutua. Ilitua kwa tumbo, ikapitiliza njia na kugonga tuta lenye zege lililobeba antena. Watu 179 wakafa, wawili wakapona. Tuta lile halikujengwa na mwananchi asiyejua sheria. Lilikuwa kitu cha uwanja wenyewe. Naliweka hapa ili pasiwepo wa kudhani kwamba nawatupia wananchi mzigo wote.

Viwango vinataka kitu chochote kinachovuta ndege hai jirani na uwanja kiondolewe au kidhibitiwe, na mwongozo unaotumika sana unataka majalala yasiwe ndani ya kilomita 13. Kwa maoni yangu mnada usihamishwe kwa amri ya wiki moja, kwa gari la matangazo. Mnada ule unalisha watu wengi na una historia yake. Ninachotaka ni kazi ya kawaida inayoweza kuanza Jumatatu: machinjio yenye sakafu ya zege na mfuniko wa shimo la taka, gari la taka linalofika Jumamosi jioni badala ya Jumanne, sheria ndogo ya halmashauri inayokataza kumwaga utumbo nje, na mtu mmoja kutoka uwanjani anayekuja kuhesabu ndege hai kila mnada na kuandika. Baada ya mwaka takwimu hizo zitatuambia kama mnada unaweza kubaki. Kama hauwezi, wafanyabiashara waoneshwe namba, waoneshwe eneo jipya lenye maji na barabara, ndipo wahame. Kuhamisha mnada kabla ya kuandaa pa kuuhamishia kutazaa minada kumi midogo isiyo rasmi, kila mmoja na shimo lake.

Droni nitazigusa kwa kifupi, kwa kuwa hapa sheria iko wazi zaidi: kurusha droni kunahitaji kibali, na kuzunguka uwanja masharti ni makali zaidi. Wapiga picha wa harusi wanalijua hilo. Wanaojifanya hawajui waelimishwe, kisha waadhibiwe.

Tuje kwenye fidia, maana hapa ndipo uaminifu wa Serikali utakapopimwa. Ukimwambia mtu asijenge zaidi ya kimo fulani, au asijenge kabisa, umemchukulia thamani ya ardhi yake hata kama hati inabaki na jina lake. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu na inataka fidia inayostahili anaponyang'anywa. Mazoea yetu ya fidia, tangu Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, yamejengwa kumfikiria anayeondolewa. Anayebaki akiwa na kiwanja kilichofungwa mikono hafikiriwi vya kutosha, na ndiye atakayejenga usiku.

Dar es Salaam ina funzo chungu. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege. Wapo waliosubiri zaidi ya miaka kumi. Wa Kipunguni walivuka ishirini. Fikiria nyumba ambayo umeambiwa usiiendeleze kwa sababu utalipwa, paa linavuja na huthubutu kununua bati. Bunge limesikia kilio chao mara nyingi, wabunge wakisimama na kuuliza swali lile lile kwa mawaziri tofauti. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka ukomo: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita riba inaanza kuhesabika, na tathmini ikipita miaka miwili inarudiwa. Ni sheria nzuri. Itakuwa nzuri zaidi Msalato ikiwa itatumika pia kwa watu wa nje ya uzio ambao bado hawajaguswa, kabla bei ya ardhi haijapanda ikafika mahali ambapo Hazina itasema haina fedha.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo wakazi wa chini ya njia za ndege hawaambiwi. Abiria wa safari ya kimataifa ana Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Akifa au kuumia ajalini, shirika linawajibika hadi kiwango kilichowekwa bila kujitetea kwamba halikuwa na kosa. Tangu Desemba 28, 2024 kiwango hicho ni SDR 151,880, fedha ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na takriban dola 200,000. Ana miaka miwili ya kufungua kesi. Mama aliyekuwa anapika ugali nyumbani kwake wakati ndege inaanguka hayumo katika mkataba huo. Yeye anaangukia kwenye sheria za ndani, bima ya shirika na uvumilivu wa mahakama. Akiwa amejenga bila kibali, wakili wa upande wa pili ataanza na hilo. Mikataba ya kimataifa ya kuwalinda watu wa ardhini ilijaribiwa Roma mwaka 1933 na tena 1952, na nchi nyingi hazikujiunga. Kwa hiyo mtu maskini kuliko wote kwenye ajali ndiye mwenye karatasi dhaifu kuliko wote. Hiyo ni sababu tosha ya kutomwacha ajenge pale.

Sasa, haya yote yanaweza kuonekana ni mambo ya mtaa. Dunia inayatazama vinginevyo. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukapanua zuio hadi mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania. Kilichotiliwa shaka katika hatua ya pili kilikuwa uwezo wa usimamizi: nani anakagua, anaandika nini, na akikuta kasoro inafungwa vipi. Wengi wetu tuliipokea habari ile kwa uchungu, na wengine kwa hasira, kana kwamba ni tusi la kisiasa. Mimi naona hasira haitusaidii. Usimamizi wa anga ni mnyororo mmoja, kuanzia fundi anayesaini ukaguzi wa injini hadi afisa anayejibu barua ya kuomba kibali cha urefu. Uwanja wa kimataifa unatakiwa kuwa na cheti, na mwenye cheti anatakiwa kuonesha kwamba anajua vizuizi vilivyomzunguka na anavifuatilia mwaka hadi mwaka. Mkaguzi atakapofika Msalato ataomba ramani ya vizuizi. Ataomba pia ushahidi kwamba ramani hiyo ilifika Jiji, na kwamba Jiji liliwahi kumkatalia mtu kibali kwa sababu yake. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa.

Kinachotakiwa kufanywa kinajulikana na si ghali. TCAA na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege wakabidhi ramani ya vizuizi kwa Halmashauri ya Jiji, na iingizwe kwenye mfumo ule ule unaotumika kupitisha michoro ya viwanja, ili mchoro wa Veyula usipite bila kompyuta kuonesha kimo kinachoruhusiwa. Kimo hicho kichapwe kwenye hati na kwenye kibali cha ujenzi, kwa mita, kwa Kiswahili. Nakala kubwa ya rangi ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa na kijiji kinachoguswa, na mwenyekiti asiweke sahihi mauziano yoyote kabla mnunuzi hajaonesha kwenye ramani kiwanja chake kiko wapi. Mwenyekiti anayefanya hivyo alipwe posho yake halali, kwa sababu tunamwongezea kazi. Maeneo ya karibu kabisa na ncha za njia yabaki mashamba. Zabibu hazitoboi paa la mtu, na Makutupora wanajua kuzilima.

Na kuna uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, ATR 42, iliingia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mlango wa nyuma ukafunguka, watu 24 wakapona. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza jinsi vikosi rasmi vilivyochelewa na vilivyopungukiwa vifaa. Uchunguzi wa ajali kwa viwango vya kimataifa haufanywi ili kumtafutia mtu lawama, hufanywa ili lisitokee tena, kwa hiyo swali la haki ni hili: Msalato hakuna ziwa na hakuna wavuvi, je, majirani wake ni nani? Ni wakulima, wafugaji, bodaboda, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Msalato, wachoma nyama wa mnadani. Gari la zimamoto la uwanjani linapaswa kulenga kufika popote kwenye njia ndani ya dakika tatu. Nje ya uzio, kwenye kijia cha bodaboda kati ya nyumba zilizobanana, dakika tatu hazina maana yoyote. Viwango vinashauri barabara za dharura zifike hadi mita 1,000 kutoka mwisho wa njia, na zikishajengewa vibanda hazipo tena.

Uwanja wa ndege unatakiwa kufanya zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka miwili. Naomba zoezi la kwanza la Msalato lisifanywe na wenye sare peke yao. Waitwe wenyeviti wa mitaa ya Msalato na Veyula, waitwe vijiwe vya bodaboda, waoneshwe ni geti lipi litafunguliwa, namba ipi ya simu itapokelewa usiku, wapi pa kusimama ili upepo usiwaletee moshi, mlango wa ndege unafunguliwaje kwa nje. Bajeti ya zoezi hilo iwekwe kwenye kasma ya uwanja na ijadiliwe na Baraza la Madiwani la Jiji mwaka huu huu wa fedha, pamoja na ramani ya vizuizi ikiwa imetandazwa mezani.